Mastaitisi: kabla ya kusaga alovera, jua ni mdudu yupi aliye ndani ya kiwele

Jirani yangu huku Bahati, nje kidogo ya jiji la Nakuru, huuza mala, yaani maziwa ya kugandishwa, kwa wateja wa jioni. Miezi michache iliyopita alinijia na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Maziwa yalikuwa yamekaa siku mbili karibu na jiko, yametiwa mala nzuri ya juzi kama kianzio, na bado yalikuwa majimaji kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Nilimuuliza swali moja: ni nani ametibiwa zizini? Akafikiri, kisha akakumbuka. Friesian wake mkubwa alikuwa amevimba robo ya nyuma, mojawapo ya sehemu nne za kiwele, kila moja na chuchu yake; naye akaenda agroveti, duka la dawa za mifugo, akanunua tyubu za mastaitisi, yaani antibayotiki ya kutia ndani ya chuchu, akazitia. Siku iliyofuata uvimbe ulikuwa umeshuka, akachanganya maziwa yake na ya wenzake.

Bakteria wanaogandisha mala hufa kwa antibayotiki kama wanavyokufa wale wa mastaitisi. Mala iliyokataa kuganda ilikuwa inatuambia kwamba dawa imo ndani ya maziwa, na kama yasingekuwa ya mala yangeishia kwenye chai ya watoto wa mtaa mzima. Kila tyubu huandikwa siku za kusubiri, mara nyingi tatu au nne baada ya dozi ya mwisho, na katika siku hizo maziwa ya ng'ombe yule hayauzwi wala hayanywewi. Hiyo ni pamoja na maziwa ya robo tatu zisizo na shida, kwa sababu dawa huingia kwenye damu na kuzunguka.

Hasara ile ilimuuma. Akaniuliza kama hakuna dawa ya asili, kitu cha shambani ambacho kingemwondolea mambo ya tyubu kabisa. Siku ile nilimpa jibu fupi ambalo halikuniridhisha hata mimi. Hili ndilo refu.

Ombi lake ni halali. Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria ambao dawa haziwawezi tena, na Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kukabili usugu huo mwaka 2017. Kila tyubu inayotiwa bila sababu inawafundisha bakteria kuishi nayo. Lakini tukiuliza ni mti gani utachukua nafasi ya tyubu, tayari tumekwisha kudhani kwamba mastaitisi ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Hapo ndipo wafugaji wengi tunapopotea.

Wadudu wa ng'ombe na wadudu wa zizi

Mastaitisi ni uvimbe wa kiwele, na karibu kila mara chanzo chake ni bakteria waliopanda kupitia tundu la chuchu. Njia hiyo ni fupi mno, kama sentimita moja hivi. Wakishaingia, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kwa mamilioni kupigana nao. Joto unalolisikia kwa kiganja, robo kuwa ngumu, mabonge kwenye maziwa, vyote hivyo ni alama za vita hivyo. Mabonge yenyewe kwa sehemu kubwa ni hizo chembe nyeupe zilizokufa pamoja na protini za maziwa zilizoganda.

Wadudu wenyewe wana makao mawili. Wa kwanza wanaishi kwa ng'ombe, ndani ya kiwele kilichokwisha kuambukizwa na kwenye ngozi ya chuchu. Wakuu wao ni Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae. Hawa husafiri wakati wa kukamua: kwa mikono ya mkamuaji, kwa kitambaa kimoja kinachopangusa viwele vyote, na kwa mkebe wa mafuta ya kukamulia unaochovywa vidole vilevile kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Mkebe huo unanisumbua kuliko vyote, kwa kuwa wengi huamini mafuta hayo ni dawa ya kinga. Yanalainisha ngozi, basi. Hayaui kitu.

Wa pili wanaishi zizini. E. coli yuko kwenye samadi, Klebsiella hupenda matandiko ya maranda ya mbao yaliyolowa, na Streptococcus uberis yuko kwenye nyasi chafu na tope. Hawa hawahitaji mkono wa mtu. Ng'ombe akilala kwenye uchafu tundu la chuchu likiwa wazi, inatosha. Ndiyo maana masika yanapoanza huku kwetu na zizi za zero-grazing, ambako ng'ombe hulishwa ndani, zikageuka matope, mastaitisi ya ghafla huongezeka.

Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba. Chukua E. coli kwanza. Mara nyingi, ng'ombe mwenye kinga nzuri humuua mdudu huyu mwenyewe ndani ya siku chache, kiasi kwamba unapoona mabonge, bakteria wameshakufa au wamebaki wachache na unachokiona ni mabaki ya vita. Tyubu ikitiwa wakati huo haiongezi chochote. Maabara duniani kote hupata jambo hili: sampuli nyingi za maziwa yenye mabonge hazioteshi bakteria hata mmoja.

Streptococcus agalactiae ni kinyume chake. Haondoki mwenyewe, ila penisilini humwondoa vizuri sana, na zizi zima linaweza kusafishwa naye. Mfugaji anayekataa antibayotiki kwa mdudu huyu kwa jina la asili anamwacha ng'ombe augue bure na kuambukiza wenzake.

Kisha yuko Staphylococcus aureus, ambaye ni mkaidi. Huingia ndani ya seli zenyewe, hujijengea vijipu ndani ya kiwele na kujizungushia utando, na wengi wao hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini. Kwa mtamba aliyeambukizwa juzi, tiba iliyochaguliwa na daktari inaweza kufaulu. Kwa ng'ombe wa uzazi wa tano aliyekaa nao mwaka mzima, tyubu haitaweza, alovera haitaweza, na anayekuuzia kitu akikuahidi kwamba kitaweza anakula pesa yako.

Mimea inaweza nini

Sasa tuje kwenye mimea, maana hapo ndipo maswali yaliko. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, ambayo huua bakteria kwenye sahani ya maabara. Mafuta ya thaimu na ya oregano hufanya hivyo pia, na magome ya muthiga, ambayo wazee wa Kikuyu walitafuna kwa kikohozi, yana kemikali zenye nguvu hiyohiyo. Matokeo hayo ni ya kweli na sitaki kuyadharau. Shida ni kwamba sahani ya maabara haina maziwa. Ndani ya kiwele kuna mafuta na protini, na vitu hivyo hushikamana na viambato vya mimea hadi nguvu inapungua sana. Kiasi kinachoweza kuua bakteria kwenye lita kadhaa za maziwa kinaweza pia kuunguza tishu inayotengeneza maziwa hayo.

Mchanganyiko wa asili unaojulikana zaidi unatoka India, ambako bodi ya taifa ya maendeleo ya maziwa imekuwa ikiwafundisha wafugaji: gramu 250 za alovera, gramu 50 za unga wa manjano na gramu 15 za chokaa, vinasagwa pamoja, vinapakwa nje ya kiwele mara nyingi kwa siku na kuoshwa kabla ya kukamua. Alovera hutuliza ngozi na manjano ina kiambato cha kupunguza uvimbe, kwa hiyo naona sababu ya ng'ombe kupata nafuu. Ukijaribu, angalia nyufa kwanza, kwa kuwa chokaa ni kali na juu ya chuchu iliyopasuka inachoma.

Ila tujiulize tunajuaje kwamba kilichoponya ni mkorogo. Kesi ndogo ya E. coli ingepona siku ya tatu au ya nne hata kama ungempaka uji. Staphylococcus aureus naye ana tabia ya kujificha: uvimbe unashuka, mabonge yanapotea, mfugaji anashukuru, na baada ya wiki tatu robo ileile inavimba tena. Ng'ombe wa kwanza angepona bila dawa, wa pili hajapona kabisa, na wote wawili wanahesabiwa kuwa ushindi wa alovera. Njia pekee ya kutenganisha mambo haya ni kuweka ng'ombe wengine pembeni bila mkorogo, wakatunzwa sawa na wenzao, kisha maziwa ya wote yakapimwa maabara. Majaribio ya namna hiyo kwa mikorogo ya kupaka bado ni machache. Kwa homiopathia, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, yamefanyika, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Kassel, Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2018, na dawa hizo hazikushinda dawa bandia isiyo na kitu.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa sauti kila ninapopata nafasi. Usiingize chochote cha nyumbani ndani ya tundu la chuchu. Si maji ya kitunguu saumu, si asali, si mafuta ya mwarobaini, hata kama umechemsha. Bomba la sindano lililooshwa kwa maji ya karai halina usafi wa kuingia mle, na mara nyingi kinachopanda nalo ni hamira na kuvu, ambao antibayotiki haiwagusi. Ng'ombe aliyekuwa na kesi ya siku nne anaishia kupoteza robo.

Cha asili kinachofanya kazi

Dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote ng'ombe amezaliwa nayo. Ndani ya tundu la chuchu kuna utando wa keratini unaonasa bakteria, na mwishoni kuna msuli unaolifunga. Baada ya kukamuliwa msuli huo hubaki umelegea kwa nusu saa hadi saa nzima. Ukimwachia ng'ombe alale dakika hiyo, umempeleka kwa E. coli mlango ukiwa wazi. Ukimpa majani mabichi ya nepia mara tu unapoinua ndoo, atasimama ale, na mlango utafungwa wenyewe. Haligharimu senti, kwa sababu majani hayo angekula tu. Badala ya kumlisha kabla, mlishe baada.

Lingine ni kuchovya chuchu kwenye dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ya asilimia 0.5 hadi 1, mara tu baada ya kukamua. Iodini si mmea, najua, lakini si antibayotiki pia, na hakuna mkorogo wa majani uliopimwa kama ilivyopimwa hii dhidi ya wadudu wanaosafiri kwa mikono. Ichovye chuchu nzima. Kupaka ncha kwa kidole hakutoshi, na masalio yasirudishwe kwenye chupa.

Kitambaa kiwe kimoja kwa kila ng'ombe, kifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kama huna vya kutosha, afadhali chuchu kavu iliyopanguswa kwa mkono safi kuliko chuchu inayochuruzika maji machafu kutoka kwenye kiwele. Wakamue mitamba kwanza, kisha wazima, na mgonjwa awe wa mwisho kabisa, naye akamuliwe kwenye chombo chake. Mkamuaji wa kuajiriwa anayehudumia boma tatu kwa asubuhi moja aoshe mikono kwa sabuni kila anapobadilisha ng'ombe. Sisemi hivyo kumlaumu. Mara nyingi hakuna aliyemweleza sababu, na hakuna aliyemwekea maji.

Wachungaji wa ng'ombe wa zebu na Sahiwal walikuwa na desturi ambayo wafugaji wa Friesian waliiacha wakiiona ya kizamani: kumwachia ndama amalizie. Tafiti katika nchi za joto zimeona mara kwa mara kwamba ng'ombe ambao ndama hunyonya kidogo baada ya kukamuliwa hupata mastaitisi kidogo zaidi. Ndama hutoa maziwa ya mwisho ambayo mkono huyaacha, na kiwele kikikaa tupu bakteria hawana pa kuzaliana. Ni kwa ndama na mama yake tu, lakini. Ndama anayenyonya mama watatu ni sawa na kile kitambaa kimoja, na robo yenye ugonjwa asiiguse.

Lishe nayo ina nafasi yake. Mwaka 1984 watafiti wa Ohio, Marekani, walionyesha kwamba ng'ombe waliopewa nyongeza ya vitamini E walipata asilimia 37 pungufu ya mastaitisi inayoonekana, na selenium ilifupisha muda wa kuugua. Chembe nyeupe za damu zinahitaji viwili hivyo ili kuua walichokimeza. Majani mabichi yana vitamini E nyingi, ilhali nyasi kavu za kiangazi na mabua ya mahindi hazina karibu chochote, kwa hiyo chumvi ya madini iliyo na selenium ina maana zaidi Januari na Februari. Usizidishe kipimo, maana selenium ikizidi ni sumu.

Na kukamua mara kwa mara je? Mfugaji wa zamani atakuambia mkamue mgonjwa kila saa mbili. Humpunguzia mgandamizo na kutoa sumu za bakteria, na sioni ubaya wake kama haumwi sana. Kwa maambukizi ya streptokokasi, hata hivyo, kukamua pekee hakuwamalizi.

Sabuni ya unga na chupa safi

Sehemu kubwa ya mastaitisi haionekani. Maziwa ni meupe, kiwele ni laini, ng'ombe anakula, na huku robo moja imejaa chembe nyeupe na maziwa yanapungua kila siku. Kizio kinachotumika ni chembe 200,000 kwa mililita: robo ikizidi hapo, huenda kuna maambukizi. Kipimo cha California, kilichobuniwa mwaka 1957, hugundua hali hiyo ukiwa bomani, na dawa yake hupatikana agroveti. Ukiikosa, wafugaji wa Pakistani na India hutumia sabuni ya unga ya kufulia: gramu 30 kwa lita moja ya maji. Kamulia maziwa ya kila robo kwenye kisahani chake, tia suluhisho la kiasi sawa, zungusha kwa nusu dakika au zaidi. Yakibaki majimaji, robo ni safi. Yakigeuka mlenda kama bamia, sabuni imezipasua chembe nyeupe na kinachonata ni vinasaba vyao. Kadiri mlenda unavyokuwa mzito ndivyo chembe zilivyo nyingi. Maziwa hayo mwaga mbali na zizi.

Kipimo hicho hukuambia robo ipi, hakikuambii mdudu yupi. Kwa hilo kuna maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo hapahapa Nakuru, na daktari wa mifugo anaweza kukusaidia kupeleka sampuli. Chukua kabla ya kutia dawa yoyote. Pangusa ncha ya chuchu kwa spiriti, mwaga mikamuo mitatu ya kwanza, kinga kwenye chupa iliyotakaswa bila kugusa mdomo wake, iweke kwenye barafu na uipeleke siku hiyohiyo. Kama ng'ombe anakula na hana homa, kungoja jibu hakumdhuru, na daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu kama meloksikamu wakati mnangoja. Hiyo si antibayotiki na haijengi usugu, ingawa nayo ina siku zake za kusubiri.

Kipimo hiki kina thamani kubwa zaidi wakati wa kukausha ng'ombe, siku 60 kabla ya kuzaa. Kwa miaka mingi wafugaji walishauriwa kutia antibayotiki kwenye robo zote nne za kila ng'ombe anayekaushwa. Umoja wa Ulaya umekataza desturi hiyo ya jumla tangu Januari 28, 2022. Hutibiwa ng'ombe mwenye maambukizi. Walio wazima huzibwa chuchu kwa nta maalumu ya bismathi, isiyo na dawa. Mwenye ng'ombe watatu anaweza kufanya hivyo kwa urahisi kuliko mwenye mia tatu. Ila kuitia nta hiyo kunahitaji usafi kama wa tyubu, hivyo mara ya kwanza mwite daktari akuonyeshe.

Kuna hali ambayo kila nilichoandika kuhusu kungoja hakihusiki. Maziwa yakitoka kama chai ya rangi au maji ya manjano, ng'ombe akaacha kula, masikio yakawa baridi, macho yakazama, akashindwa kusimama, sumu ya E. coli imeshaingia kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Robo ikiwa ya buluu na baridi kwa kugusa, nyama yake inakufa. Mpigie daktari simu saa hiyohiyo, usiku au mchana. Atahitaji maji mengi ya mshipani, dawa ya uvimbe na mara nyingi antibayotiki pia.

Jirani yangu alipima kwa sabuni. Robo ya nyuma kulia ya yule Friesian ilinata hadi ikasimama kisahanini, na sampuli ilirudi na Staphylococcus aureus. Ng'ombe yuko uzazi wa sita. Daktari alimweleza kwamba uwezekano wa kumponya ni mdogo, na yeye akaamua kutomtilia tyubu nyingine. Sasa anamkamua wa mwisho, kwa kitambaa chake cha bluu, na maziwa ya robo ile anayamwaga kwenye shimo nyuma ya ghala. Akikauka mwezi wa nane atamuuza kwa mchinjaji, si kwa mfugaji mwenzake, ingawa mfugaji angelipa zaidi. Mtamba wake anazaa Oktoba, na tayari amemfungia kona yake yenye majani makavu.